Jina Lake Bado Liko Kwenye Zamu

Mdogo wangu, umeniandikia kutoka Majengo, Mpanda, na nusu ya barua yako ni kuomba radhi: radhi kwa urefu, radhi kwa mwandiko, radhi kwa kumlilia mtu ambaye "hata si ndugu wa damu". Radhi zote hizo nakurudishia. Mtu uliyesali naye alfajiri, ukala naye ugali wa mkutano wa injili, mkapakiwa bodaboda moja kwenda kufundisha watoto wa shule ya Jumapili na mvua ikawakuta njiani, huyo nani atakuuliza habari za damu?

Wasomaji wengine niwafupishie, kwa ruhusa yake na bila jina. Rafiki yake alikuwa kiongozi wa kusifu na kuabudu, na mwalimu wa watoto. Kila Alhamisi wawili hao walibeba chupa za uji kwenda wodini kuwaombea wagonjwa, hasa wale waliotoka vijijini na hawana wa kuwaletea chakula. Akaugua ghafla, akafa kabla hajafikisha miaka 30. Ameacha binti wa darasa la kwanza anayelelewa na bibi yake. Mwaka unakaribia kutimia na jina lake bado liko kwenye orodha ya zamu, kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, kwa sababu hakuna anayethubutu kulifuta. Kuna binti mpya amepewa kuongoza nyimbo. Kila akishika kipaza sauti, ndugu yetu huyu anatoka nje mpaka mahubiri yaanze. Kamati ya vijana inataka kuchapisha fulana zenye picha ya marehemu. Wazee wanamwambia Mungu huchuma maua mazuri. Wengine wananong'ona mambo mabaya zaidi ya hayo. Yeye anauliza: nimkumbukeje bila kuonekana sina imani?

Nianze na machozi, maana hapo ndipo walipokuumiza. Fungua Yohana sura ya 11. Yesu amefika Bethania, anajua kabisa kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini na sanda yake, na bado akalia. Sasa wewe ambaye hukupewa uwezo wa kumtoa mtu kaburini, nani akukataze? Wanaokunukulia Wathesalonike wamesoma nusu. Paulo aliwafundisha wale watu namna ya kuhuzunika, hakuwapiga marufuku wasihuzunike. Mama wa miaka 60 akimlilia mumewe tunamletea kiti na maji. Kijana akimlilia mwenzake wa huduma tunamletea mstari wa Biblia. Hili silipendi, na viongozi wa vijana wanaosoma ukurasa huu wajue kwamba nawasema wao.

Hiyo ya maua nayo, mdogo wangu, iache ipite. Anayeisema hana nia mbaya, amekosa tu la kusema na ukimya unamtisha. Lakini mkatazeni asiirudie mbele ya yule mtoto. Mtoto wa miaka saba akiambiwa mama yake amechukuliwa kwa sababu alikuwa mwema kuliko wengine, atajifunza kuogopa wema. Atamtazama bibi yake anayemwogesha na kumpikia, atahesabu wema wake, na usiku hatalala. Mwambieni mama aliumwa, madaktari walijitahidi, akafariki, na sisi tupo. Akiuliza kwa nini Mungu hakumponya, mwambieni hata sisi tunamuuliza Mungu hilo hilo.

Minong'ono ni jambo jingine, na hapo sitakuwa mpole. Mtu akikuambia kwamba hakufa bure, kwamba kuna "wivu wa madhabahuni", kwamba kuna bibi fulani alimwangalia vibaya sokoni, mkate maneno hapo hapo. Kanda yenu ya magharibi inajua maneno ya namna hiyo huishia wapi: kwenye nyumba ya mwanamke mzee anayeishi peke yake. Rafiki yako alikuwa akiwapelekea uji wanawake kama hao. Msiba wake usije ukawa sababu ya kumuumiza mmoja wao.

Sasa, kwa swali lako la namna ya kumkumbuka, nikupeleke Gahini.

Gahini iko Rwanda, kando ya ziwa Muhazi. Miaka ya 1920 wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walifungua hospitali pale, na mmoja wa madaktari wake alikuwa Joe Church. Mwaka 1929 daktari huyo, akiwa amechoka na amekata tamaa, alikutana Namirembe, Kampala, na Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba pamoja, mweupe na mweusi, kwa namna ambayo siku zile haikuwa kawaida. Nsibambi alikuwa na mdogo wake, mwalimu kijana, Blasio Kigozi. Blasio akaiacha Uganda akaenda kufanya kazi Gahini, akifundisha shuleni na kuwaandaa wainjilisti.

Usidhani alipokelewa kwa vigelegele. Hospitalini pale alikuwepo Yosiya Kinuka, mkubwa wa wasaidizi wa wodi, na mwanzoni hizi habari za wokovu mkali hazikumwingia hata kidogo. Mivutano ilikuwepo. Ikabidi Kinuka asafiri mpaka Kampala kwa Nsibambi, na huko Nsibambi hakumbembeleza. Alimwambia shida ya hospitali inaanzia moyoni mwake. Alirudi Gahini mtu mwingine, na tangu hapo yeye na Blasio wakawa kitu kimoja. Nakueleza haya kwa makusudi. Urafiki wa huduma ambao watu wanausimulia kama hadithi tamu, mara nyingi ulianza kwa kununiana.

Mwaka 1935 Blasio alijitenga wiki nzima kuomba. Alipotoka alikuwa mtu wa moto. Aliongea na watu uso kwa uso juu ya dhambi zao, na wengi walimwona amezidi. Mwaka huo huo yeye, Kinuka, Nsibambi na Church walikwenda Kabale kufanya mikutano, na mji ukatikisika. Kisha Januari 1936 akaondoka kwenda Kampala na hoja zake za kuwasilisha kwenye sinodi ya kanisa: kanisa limepoa, watu wanaoishi wazi katika dhambi wanakaribia meza ya Bwana, na kinachohitajika ni uamsho. Mwito wake ulikuwa neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka.

Hakuwahi kusimama mbele ya sinodi. Alishikwa na homa ya papasi, wale wadudu wa kwenye nyufa za nyumba za udongo wanaouma usiku, ambao wazee wa mkoa wenu wa Katavi hawahitaji kuelezwa. Siku chache tu, akafa, tarehe 25 Januari 1936, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaacha mjane.

Sasa angalia walichofanya rafiki zake, maana hapo ndipo jibu la barua yako lilipo. Walilia, bila shaka walilia. Nsibambi alikuwa amepoteza mdogo wake. Lakini hoja zake hazikuzikwa naye. Zilifika kwenye sinodi bila yeye. Joe Church akaandika kitabu kidogo juu ya maisha yake na maono yake, kikasomwa. Na lile neno lake likawa mwito wa mikutano ya kanisa la Uganda mwaka 1937, walipoadhimisha miaka 60 tangu wamisionari wa kwanza kufika. Halafu likafanyika jambo ambalo wewe, mdogo wangu, unalikataa kwa kutoka nje ya kanisa kila Jumapili: nafasi yake ikapata mtu. Karani mmoja wa serikali, William Nagenda, aliyekuwa ameokoka karibuni, aliacha kazi yake akaenda Gahini.

Hebu fikiri ilikuwaje kwa Kinuka. Jana alikuwa na Blasio, wamegombana wakapatana, wamesafiri, wamefunga na kuomba. Leo anakuja kijana wa ofisini, mgeni kwenye mambo haya, anapewa kazi ya Blasio. Nagenda hakuwa Blasio. Tabia yake ilikuwa nyingine na namna yake ya kuhubiri ilikuwa nyingine. Wale watu wangemwambia kila siku "Blasio angefanya hivi", Nagenda angerudi Uganda kabla ya mwaka. Walimpa nafasi, na akaja kuwa mmoja wa wahubiri wakubwa wa uamsho ule hadi alipofariki mwaka 1973. Kutoka pale moto ulisambaa Uganda, Burundi, Kenya, na kwetu Tanganyika kupitia Bukoba. Kijana mwingine wa Uganda, Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuja kuwa askofu, alifika mpaka Dodoma kufundisha shule miaka ya 1940 akiwa na ushuhuda ule ule. Ukipata nafasi ya kwenda Katumba, kaa na wazee waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972, wale waliolelewa makanisani huko. Waulize kuhusu uamsho. Usishangae wakikuimbia Tukutendereza mpaka uji upoe.

Kwa hiyo turudi kwa huyo binti mpya. Umeniandikia kwamba sauti yake ni nyembamba, anakosea kuanzisha, na anavaa "kama anakwenda harusini". Nimecheka kidogo, unisamehe. Mdogo wangu, hayo si makosa yake. Kosa lake ni kwamba si rafiki yako, na hilo hawezi kulirekebisha. Yeye anakuona ukitoka. Anajua kwa nini unatoka. Kila Jumapili anaanza wimbo wa kwanza akiwa ameshapimwa na ameshapungua. Kama kuna mtu kanisani kwenu anayemhitaji rafiki yako kuliko wewe, ni huyo, maana angekuwa hai ndiye angemfundisha.

Nakupa kazi, na ni ngumu. Nenda kwake wewe, usimwite kwako. Chukua daftari la nyimbo la marehemu, lile uliloniambia umelificha sandukuni, lenye alama zake za penseli za wapi pa kupumua na wapi pa kurudia. Mpe alinakili, kisha daftari lenyewe lirudi kwa mama wa marehemu, maana ni mali ya mtoto. Usimwambie aimbe kama yeye. Mwonyeshe tu yale ambayo rafiki yako alijifunza kwa taabu: kwamba mzee yule wa safu ya mbele huwa anachelewesha makofi, kwamba spika ya kushoto inapiga kelele ukiikaribia. Mambo madogo, lakini ndiyo yanayopotea mtu anapokufa.

Na lile jina ubaoni lifute wewe. Sisemi usiku, sisemi kwa siri, na msimwachie mhudumu wa kanisa alifute kwa kitambaa cha kudekia halafu iwe kilio kingine. Omba dakika tano kwenye ibada. Sema alishika zamu hii kuanzia mwaka fulani, alifundisha watoto kadhaa, hawa hapa wasimame. Mshukuruni Mungu. Kisha andika jina la anayefuata mbele ya watu, kwa mkono wako. Utatetemeka. Tetemeka, uandike.

Kwenu Mpanda mna mfano wa karibu, hata kama si wa dhehebu lako. Jimbo Katoliki la Mpanda lilianzishwa mwaka 2000, na askofu wake wa kwanza, Pascal Kikoti, alifariki Agosti 2012 akiwa bado kazini, ana miaka hamsini na kitu tu; kwa askofu huo ni umri wa katikati ya safari. Kiti kilikaa wazi mpaka mwanzoni mwa 2014, alipoletwa Askofu Gervas Nyaisonga. Naye alipopelekwa Mbeya, akaja Askofu Eusebius Nzigilwa mwaka 2020. Muulize Mkatoliki yeyote wa Mpanda kama kuletwa kwa hao wawili kumemfanya amsahau Kikoti.

Na ukishuka barabara ya Karema, ambako siku hizi habari yote ni bandari, kuna hadithi ya zamani zaidi. Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji pale mwaka 1885. Homa iliwamaliza. Askofu Charbonnier alifariki mwaka 1888, hata mwaka hajamaliza tangu awekwe wakfu. Aliyemfuata, Bridoux, akafariki mwaka 1890 akiwa na miaka 38. Katikati ya vifo hivyo, mwaka 1889, akafika kijana Mwafrika aliyetekwa utotoni huko upande wa Timbuktu, akanunuliwa kutoka utumwani na kusomeshwa udaktari Malta: Adrian Atiman. Kila mtu angemwelewa kama angegeuza. Alibaki Karema akitibu watu na kufundisha dini mpaka alipokufa mzee sana mwaka 1956. Hotuba zake za kuwasifu marehemu hazijulikani. Kinachojulikana ni kwamba kwa zaidi ya miaka 60 mgonjwa wa Karema alikuwa na pa kwenda.

Nirudi kwenye jambo ambalo umelitaja kwa sentensi moja tu ukalipita, na mimi nasimama hapo kwa sababu nimeliona likivunja vikundi vingi. Umesema michango ya sare za kwaya ilikuwa kwenye laini ya simu ya marehemu, na kwamba wewe unaijua namba yake ya siri. Usiiguse. Nasema tena, usiiguse, hata kama hela ni ya kanisa, hata kama mwenyekiti amekuambia "itoe tu, tunajua wote". Siku ukiitoa, umejiweka kwenye nafasi ya kuitwa mwizi wa marehemu na hutakuwa na shahidi, kwa sababu shahidi wako amelala makaburini.

Njia ni hii. Kamati iandike barua kwa familia, ikiambatanisha orodha ya waliochanga na kiasi. Familia ishughulikie cheti cha kifo. Kibali cha mazishi mlichopewa hospitalini hakitoshi, cheti chenyewe hutolewa na RITA kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Ukoo ukae, uteue msimamizi wa mirathi, athibitishwe na mahakama. Yeye ndiye ataenda kwenye duka la kampuni ya simu na nyaraka zake kudai salio, na yeye ndiye atawarudishia kilicho chenu mbele ya mashahidi. Ni mzunguko, najua. Kama alikuwa anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii kwa ile kazi yake ya dukani, nyaraka hizo hizo ndizo zitakazomsaidia mtoto kufuatilia mafao. Wengi wanaacha haki ya mtoto kwa sababu wakati wa msiba kila mtu alishughulika na sufuria na turubai, na baadaye kila mtu alidhani mwenzake ameshafuatilia. Nendeni na bibi mkiwa wawili, mkamsaidie kusoma fomu.

Hapo tumefika kwa mtoto, na sasa naweza kusema juu ya fulana.

Sizichukii fulana. Watu wanataka kitu cha kushika. Ila pigeni hesabu. Chukueni bei ya fulana moja mliyopewa na fundi, mzidishe kwa idadi ya kwaya, kamati na wanaotaka kujionyesha. Kisha nendeni kwa bibi yake mkamuulize Januari mjukuu anahitaji nini. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare haishonwi bure, viatu vya watoto haviishi kukatika, madaftari yanaisha kabla ya muhula, na chakula cha shuleni huwa kina mchango wake. Hesabu hizo mbili ziwekeni mezani kwenye kikao na msiseme neno. Mwone nani atasimama kutetea fulana.

Daudi na Yonathani unawajua. Wahubiri wanapenda kutusomea maombolezo ya Daudi, na kweli yanaliza. Lakini soma mbele, 2 Samweli sura ya 9. Miaka imepita, Daudi ameshakuwa mfalme, na siku moja anauliza kama kuna yeyote amebaki wa nyumba ya Sauli amfanyie wema kwa ajili ya Yonathani. Wakamletea Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, mlemavu wa miguu, aliyekuja akitetemeka kwa hofu. Daudi akamrudishia mashamba ya babu yake na kumweka mezani pake ale kama mmoja wa wana wa mfalme. Siku zote, si kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja. Wewe si mfalme na shamba huna, lakini Jumamosi moja kwa mwezi unaweza kumsuka nywele yule binti na kumsikiliza anasoma. Akikua atakuwa na maswali juu ya mama yake ambayo bibi hawezi kuyajibu. Ni wewe unayejua alivyokuwa akicheka ibadani mahali pasipochekesha.

Na ukimsimulia, mpe mama mzima. Naona tayari mmeanza kumfanya malaika. Kwenye barua yako ya kurasa sita hakuna kosa lake hata moja, isipokuwa pale uliposahau ukaandika kwamba alikuwa anachelewa mazoezi na kusingizia bajaji. Hiyo ndiyo sentensi niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu hapo nilimwona. Blasio Kigozi alikuwa mkali mpaka watu walimkwepa, na wanaomkumbuka vizuri hawalifichi hilo. Mtakatifu asiye na kasoro hamsaidii binti yake. Siku atakapokosea ataona hafanani na mama. Andika kwenye daftari jipya, sasa, kabla hujasahau: mizaha yake, hasira zake, vyakula alivyokataa, maombi aliyoomba na hayakujibiwa, siku mlipogombana na mlivyopatana.

Sauti zake ulizonazo kwenye simu, nyimbo mlizorekodi mazoezini, zihifadhi mahali pawili, maana simu huibiwa. Waimbaji wa injili unawajua: Angela Chibalonza alifariki ajalini mwaka 2007, Fanuel Sedekia akafariki mwaka 2009, na mpaka leo ukipanda basi la asubuhi unaweza kuwasikia wote wawili kabla hujafika kituo cha kwanza. Rafiki yako hakurekodi studio. Basi hizo za simu ndizo studio yake. Usizisikilize kila usiku, lakini.

Hapo kuna jambo nataka nikuambie mimi. Umesema hulali vizuri tangu mazishi na umeacha kwenda wodini. Mwaka ni mrefu kwa kukosa usingizi. Maombi endelea nayo, na pia nenda hospitali ukamwone daktari au ofisa ustawi wa jamii, umweleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Mwambie na mchungaji wako, na kama mchungaji atakujibu kwamba hayo ni mapepo ya huzuni, mshukuru, kisha nenda hospitali. Mkristo kumeza dawa ya kumsaidia kulala hakupunguzi wokovu. Atiman alikuwa katekista na daktari mtu huyo huyo mmoja, na Karema nzima haikuona ubaya.

Kuhusu ibada yenyewe ya kutimiza mwaka, iwe fupi. Mama yake aseme kwanza kama anataka, asipotaka, asisukumwe. Mhubiri aambiwe mapema kwamba siku hiyo si ya kuwatisha vijana kwa kifo. Chakula kipikwe na kwaya, familia isishike mwiko. Kaburini nendeni asubuhi kabla ya jua, mpalilie kwanza majani ndipo mwimbe. Na kama tarehe imeangukia Alhamisi, uji wa wodini usikosekane kwa sababu nyinyi mko kwenye kumbukumbu. Pangeni kabisa nani atabeba chupa, na mimi ningemtuma huyo binti mpya, pamoja na wewe.